Kupika Busaa Nyumbani kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili

Anayetaka kujifunza kupika pombe nyumbani mara nyingi huanza kutafuta vitu vya mbali: shayiri iliyooteshwa Ulaya, hopsi (maua ya kutia bia uchungu) za pakiti, chupa na mashine ya kufunga vizibo. Ukiwa na pesa utavipata, ila si pa kuanzia. Magharibi mwa Kenya watu hupika busaa kwa mahindi, wimbi na maji. Ukiielewa busaa umeielewa bia yoyote ya nafaka, maana kazi ni ile ile: wanga ugeuke sukari, kisha hamira ile sukari hiyo na kutoa kileo.

Sehemu ndefu kuliko zote hapa itakuwa ya kimera, yaani wimbi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Hapo ndipo pombe nyingi za wanaoanza huharibikia. Ukiyakosea mahindi kidogo pombe itanyweka tu, lakini kimera kikiwa kibovu utaishia na ndoo ya uji uliochacha.

Kwa asiyeijua, busaa ni pombe ya kahawia, nzito kidogo, yenye uchachu na ladha ya nafaka iliyokaangwa. Kileo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 4, chini kidogo ya bia ya chupa. Hunywewa ikiwa bado inachachuka, na haikai siku nyingi.

Kabla ya kuwasha moto

Tuanze na sheria. Miaka ya 1920 utawala wa jiji la Nairobi ulijitwalia haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya aina hii kwa Waafrika, ukafungua ukumbi wake Pumwani, huku mwanamke aliyepika chumbani mwake akikamatwa na nyungu yake kumwagwa. Tangu wakati huo pombe ya nyumbani imeendelea kutazamwa kwa jicho la polisi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa (pombe kali ya kienyeji), na baada ya ugatuzi leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo uliza kwanza, kwenye ofisi ya leseni ya kaunti au kwa chifu, kinachoruhusiwa mahali ulipo. Kuuza bila leseni ni kosa, na jirani akikulipia kikombe kimoja, hayo ni mauzo. Tanzania nako pombe za kienyeji zina sheria yake ya leseni. Ninayoeleza hapa ni ya kunywa nyumbani.

Pili, usiichemshe busaa ukakinga mvuke wake. Huko ni kwenye chang'aa, ambako kuna hatari ya moto na hatari ya kisichojulikana ndani ya chupa. Zaidi ya watu 100 waliokufa Nairobi mnamo Novemba 2000 kwa kunywa kumi kumi, pombe haramu ya bei rahisi, waliuawa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Busaa ya nafaka tupu haina methanoli ya kumdhuru mtu. Sumu huja pale mtu anapotafuta njia ya mkato ya kuipa nguvu, akatia kemikali, mbolea au kitu alichouziwa kwenye kichupa kisicho na jina. Usitie chochote ambacho hakimo katika mwongozo huu.

Tatu, mahindi. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, zaidi ya watu 100 walikufa kwa aflatoksini, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Usidhani kuchachusha au kukaanga kutaiondoa. Kuna desturi mbaya ya kuyatenga mahindi mabovu "ya pombe", eti mazuri yabaki ya ugali. Ikiwa hungeyala, usiyanywe.

Vyombo na viungo

Kwa kiasi cha lita 8 hivi za kunywa, tafuta wimbi (Tanzania ni ulezi) kilo 1, unga wa mahindi kilo 2 na nusu, na maji safi lita 11 au zaidi kidogo. Anayepima kwa gorogoro, ule mkebe wa sokoni, akumbuke kwamba gorogoro moja ya mahindi ni karibu kilo 2. Unga mzuri ni ule wa mashine ya mtaani, wa mahindi yasiyokobolewa, uliosagwa kwa kukwaruza kidogo. Ule mweupe laini wa pakiti unafaa, ila pombe yake huwa nyepesi mdomoni na ngumu kuchuja. Nunua pia hamira kavu ya mkate, pakiti ndogo kabisa. Wapishi wa zamani watakucheka, na sababu ya kuitumia nitaieleza mbele.

Vyombo: ndoo mbili za plastiki za lita 20, ambazo zilibeba mafuta ya kula au zimenunuliwa mpya kwa ajili ya chakula. Ndoo ya rangi ya nyumba haisafishiki ikafaa, hata uisugue wiki nzima. Nyungu ya udongo hupoza vizuri na watu wanaipenda kwa haki, lakini vitundu vyake huhifadhi kila kilichopita humo, kizuri na kibaya, kwa hiyo ingoje hadi mkono wako uzoee. Utahitaji karai zito la chuma au sufuria pana ya kukaangia, mwiko mrefu, ungo, na kitambaa kigumu cha kuchujia au gunia jipya lililochemshwa. Epuka pipa la chuma na ndoo ya mabati katika hatua za kuchachusha. Busaa ina asidi, na asidi hula chuma na zinki. Kusini mwa Afrika madaktari walikuta wanywaji wa pombe iliyopikwa kwenye mapipa ya chuma wakiwa na madini ya chuma kupita kiasi kwenye ini.

Kila chombo kioshe kwa sabuni, kisuuze, kisha ukimwagie maji yanayochemka. Inatosha.

Hesabu ya siku

Kimera huchukua siku tano hadi saba kikiwa na jua la kukikausha. Donge la mahindi huchukua siku mbili hadi nne, nalo unaweza kulikanda wakati kimera kiko juani. Kukaanga ni kazi ya asubuhi moja, na kuchachuka baada ya kuchanganya ni siku mbili au tatu. Anayetaka kunywa Jumamosi aanze kuloweka wimbi karibu wiki mbili kabla. Mvua ikinyesha wakati wa kukausha, hesabu yote inasogea. Usikipeleke mashineni kimera kibichi kwa sababu wageni wameshaalikwa.

Kimera

Punje inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ulio ndani yake ili mche upate sukari ya kukulia. Sisi tunaiacha ianze, halafu tunaikausha kabla mche haujaimaliza akiba. Vimeng'enya vinabaki vimelala kwenye unga, na siku ya kuchanganya vinaamka na kuushughulikia wanga wa mahindi pia, ambao ni mwingi kuliko wa wimbi wenyewe. Ndiyo maana kilo moja ya wimbi inaweza kufanya kazi juu ya kilo mbili na nusu za mahindi.

Mtama nao huoteshwa, lakini usianzie hapo. Miche ya mtama ina kemikali inayotoa sianidi, hivyo unahitaji uangalifu wa kuondoa mizizi na vichipukizi na kukausha sawasawa. Wimbi hauna shida hiyo, na vimeng'enya vyake vina nguvu. Sharti moja tu: uwe wa kupandika. Wimbi wa zamani sana, au ule uliokaangwa kwa ajili ya uji, hautaota. Kabla ya kununua kilo nzima, chukua konzi moja, iloweke na uifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili. Zikiota karibu zote, rudi kwa muuzaji huyo huyo.

Wimbi wa sokoni huwa na mchanga, maana hupurwa chini. Upepete kwanza kwenye ungo. Kisha tia konzi chache kwenye bakuli pana, jaza maji, na ulizungushe taratibu kwa mkono mmoja huku ukimimina wimbi na maji pamoja kwenye chombo kingine, kidogo kidogo. Mchanga ni mzito, unabaki nyuma ukichora mstari mweusi chini ya bakuli. Mstari ukikaribia ukingo, simama, mwaga mchanga, ongeza maji, rudia. Kwa kilo moja ni kazi ya kukaa kwenye kigoda na redio karibu. Ukiiruka, utaitafuna pombe yako.

Loweka kwa saa 12 hadi 24, ukibadilisha maji angalau mara mbili. Maji yaliyotuama hutoa povu na harufu, na punje zikikosa hewa hufa. Zinazoelea zitoe. Baada ya hapo chuja maji yote na utandaze wimbi kwenye ungo au kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, au juu ya gunia safi lenye unyevu, kwa unene usiozidi vidole vitatu. Funika kwa gunia jingine lililoloweshwa na kukamuliwa. Weka kivulini, mahali pa joto lakini penye hewa.

Kwa siku mbili au tatu zinazofuata, asubuhi na jioni, nyunyiza maji kidogo na uzigeuze punje kwa vidole. Ingiza mkono katikati ya lundo. Mbegu inayoota hutoa joto, na ukilikuta lundo limepata moto kuliko mkono wako, lipunguze unene mara moja. Joto likizidi punje huchemka zenyewe na ukungu hufuata. Kufikia siku ya pili utaona ncha nyeupe. Siku ya tatu mizizi huwa imeshikana kama manyoya, ukiinua konzi inakuja kama kipande cha mkeka, na harufu yake ni ya majani mabichi. Mizizi ikiwa na urefu wa sentimita moja hadi mbili na kijani kikiwa ndiyo kwanza kinachungulia, simamisha. Sehemu za baridi kama Kitale au Eldoret huenda ukangoja siku ya nne.

Ukiona madoa ya ukungu, ya kijani, meusi au ya waridi, au ukanusa kitu kilichooza, usichambue ili kuokoa kilichobaki. Tupa chote. Wimbi wa kilo moja ni bei ndogo kuliko maini yako.

Kukausha nako kuna ufundi wake. Tandaza kwa tabaka jembamba kwenye mkeka au turubai safi juani, usianike kandokando ya lami wala kwenye udongo mtupu. Geuza kila baada ya saa moja au mbili, ingiza ndani jioni. Jua kali hukausha kwa siku mbili. Kipimo ni meno: punje iliyokauka hupasuka kwa mlio, ambayo bado hubonyea. Zisugue kwa viganja hadi mizizi ikatike, kisha pepeta. Usizikaange wala usizianike juu ya moto mkali, kwa sababu vimeng'enya hufa kwenye joto la kupikia na utabaki na unga mtamu usio na kazi.

Peleka kwenye mashine na uombe usagwe wa kati, si vumbi. Ukitoka, tandaza unga upoe kabla ya kufunga. Mashine ya mtaani huutoa ukiwa na joto. Kimera kilichokauka sawasawa hukaa wiki kadhaa kwenye mkebe unaofunga vizuri.

Unaweza pia kukinunua sokoni tayari, na mara ya kwanza si vibaya. Lakini kipime. Pika uji mzito wa mahindi, kikombe kimoja, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Uache upoe hadi uweze kuunywa kwa kupuliza. Tia kijiko kimoja cha kimera, koroga, ngoja kama robo saa. Kimera kizuri huuyeyusha uji ukamiminika kama maziwa, na ukionja unakuta umeingia utamu. Uji ukibaki vile vile, kimera hicho ni cha kupikia uji wa watoto, pombe hakiwezi. Hata kile ulichokiotesha mwenyewe kifanyie jaribio hili kabla hujakipa mahindi ya watu.

Donge la mahindi

Hatua hii ni rahisi. Changanya kilo 2 na nusu za unga wa mahindi na maji baridi, lita mbili hadi mbili na nusu, hadi upate donge gumu linaloshikana ukilifinya bila kutoa maji. Ligandamize kwenye ndoo, usawazishe juu kwa kiganja kusiwe na mashimo, funika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni au kitambaa safi, kisha mfuniko uliolegea. Acha siku mbili mahali pa joto, tatu au nne penye baridi.

Bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa lala, hufanya kazi humo. Asidi yao ndiyo huipa busaa uchachu, tena huwazuia wadudu wabaya. Donge likiwa tayari huwa limevimba kidogo, lina vinyufa, na harufu yake ni kali lakini safi. Ukungu wenye rangi ukiotea juu, uamuzi ni ule ule wa kimera: tupa.

Kukaanga

Hapa ndipo busaa inapopata rangi na harufu yake, na ndipo moshi utakapowaambia majirani kuna nini. Kaangia nje ukiweza. Karai liwe na moto wa wastani wa kuni au makaa. Vunjavunja donge kwa mkono, utie sehemu ndogo ndogo, usijaze karai. Koroga bila kuacha, ukibonyeza mabonge kwa mwiko. Mwanzoni linanata na kukataa kutengana. Baada ya dakika kumi au kumi na tano mvuke unapungua, chenga zinaanza kuachana, rangi inaingia njano, halafu kahawia. Kila fungu lipe nusu saa au zaidi.

Usikimbilie rangi. Chenga inaweza kuwa kahawia nje na ikabaki unga mbichi ndani, na hilo ndilo kosa la kawaida la hatua hii. Ivunje moja: ndani lazima iwe imeiva, isiyo na kiini cheupe cha unga. Kukaanga huku kunaupika wanga wa mahindi. Ulio mbichi vimeng'enya huugusa kwa shida, ulioiva vinaufungua upesi. Ni kazi ambayo katika bia ya shayiri hufanywa kwa maji ya moto yaliyopimwa kwa kipimajoto, nyuzi 65 hivi, na ndiyo sababu mama pima wa mtaani, yule mwanamke anayeuza pombe ya kienyeji, hana haja ya kipimajoto. Chenga zikiungua nyeusi ziondoe, zitaleta uchungu wa majivu.

Tandaza zipoe kabisa. Ukitaka kuziweka, zianike juani hadi zikauke. Zitangoja hata wiki mbili.

Kuchanganya na kuchachusha

Chemsha lita 8 za maji na uyaache yapoe hadi yawe ya uvuguvugu, yasiyoshtua mkono. Tia chenga zote kwenye ndoo, mimina maji, na uzivunje kwa mwiko au mkono ulionawa hadi zilainike. Kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, katika mwaka wa tohara, ambao huwa mwaka wa shufwa na kilele chake ni Agosti, kumimina maji kwenye pombe ni kazi ya kijana mwenyewe anayengoja kisu, tena watu wakiimba. Wewe mimina tu.

Ngoja nusu saa, kisha pima kwa mkono tena. Mchanganyiko ukiwa na joto la mwili au chini yake, nyunyiza gramu 800 hivi za kimera huku ukikoroga. Usitie kimera kwenye maji ya moto kwa kudhani unaharakisha mambo. Ukivuka nyuzi 75 utakuwa umeviua vimeng'enya, na hamira iliyomo hufa hata mapema zaidi.

Sasa kuhusu hamira ya dukani. Wapishi wa jadi hawaitii, kwa kuwa kimera chenyewe huja na hamira ya porini, na nyungu iliyozoea kupikiwa ina nyingine kwenye kuta zake. Watafiti waliochunguza busaa wamekuta humo Saccharomyces cerevisiae, jamii ile ile inayouzwa kwenye pakiti ya mkate. Ndoo yako mpya haina urithi huo. Nusu kijiko cha chai cha hamira kavu, kilichokorogwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kinakuhakikishia kwamba kileo kitaanza kabla uchachu haujatawala. Mapishi yanayofuata hutaihitaji.

Funika kwa kitambaa, kisha mfuniko uliolegea. Usiufunge kabisa hata kama nzi wanakusumbua. Gesi ya kaboni inayotoka ni nyingi na itaurusha mfuniko, au ndoo ipasuke. Weka kivulini kwenye nyuzi 25 hadi 30. Usilale chumba kidogo kilichofungwa pamoja na ndoo kadhaa zinazochachuka.

Saa za kwanza hakuna kinachoonekana. Onja baada ya saa sita: pawe na utamu ambao haukuwapo, kimera kinafanya kazi. Kufikia saa 12 hadi 24 chenga hupanda juu na kuwa kama kofia nene yenye nyufa, na ukiinama utasikia mchemko mdogo wa viputo. Koroga mara mbili siku ya kwanza ili kofia izame. Siku ya pili iache. Utamu unapungua, uchachu na ule ukali wa kileo unapanda. Kofia ikianza kuzama yenyewe na viputo vikapungua, kwa kawaida kati ya saa 48 na 72, busaa iko tayari. Wanaopenda tamu huchuja mapema, wanaopenda kali hungoja. Mimi huchuja kofia inapoanza tu kulegea, kwa sababu katika joto letu saa sita za ziada zinaweza kukupa siki.

Kuchuja

Teka kwa kata au jagi, mimina kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya ndoo ya pili, kusanya pembe na ukamue. Kamua kwa nguvu kwanza, kisha legeza. Ukikamua hadi tone la mwisho, pombe inajaa unga na kushuka kooni kama uji. Machicha mpe nguruwe, au changanya kidogo na chakula cha ng'ombe na kuku. Kidogo tu, bado yana kileo. Yanayobaki yaende shambani.

Wazee hunywa kwa mirija mirefu kutoka nyungu moja iliyo katikati, kila mmoja kwenye kigoda chake. Ni njia nzuri ya kunywa polepole, ila mirija ioshwe na kila mtu awe na wake. Nyumbani vikombe vinatosha. Usisahau kwamba busaa inaendelea kuchachuka hata baada ya kuchujwa, kwa hiyo ya kesho ni kali kuliko ya leo, na tumbo lisiloizoea litalalamika ukianza na vikombe vinne. Anayeendesha pikipiki, mjamzito, anayemeza dawa zisizopatana na pombe, na watoto, hawamo. Ile tabia ya kumwonjesha mtoto machicha kwa sababu "ni uji tu" iachwe.

Inywe siku hiyo au inayofuata. Kwenye friji huongeza siku mbili tatu, ikiwa katika chupa ya plastiki iliyoachwa nafasi juu na kifuniko kilicholegezwa. Usitie kwenye chupa ya kioo ukaifunga, itapasuka.

Ikigoma

Ndoo isiyotoa viputo baada ya siku nzima huwa na moja ya shida tatu. Onja. Ikiwa tamu, kimera kimefanya kazi lakini hamira haipo au imelala kwa baridi: isogeze penye joto na uongeze hamira kidogo. Ikiwa haina utamu wala ukali, kimera kilikuwa kibovu au kilikutana na maji ya moto. Kama bado una kimera kizuri, ongeza konzi tatu na uanze kuhesabu upya. Ikiwa chachu tu, bakteria wametangulia, na hiyo huwa haina dawa. Mara nyingine lipunguzie donge siku moja.

Pombe nyepesi isiyo na ladha mara nyingi ni maji kuzidi. Jaribu lita 7. Ile inayovutika kama mlenda, au yenye harufu ya siki au mayai yaliyooza, imwage na uchemshe vyombo vyote. Ikitoka chungu, angalia karai, si kimera.

Ikikutoka vizuri, usioshe kila kitu mara moja. Baada ya kuchuja, acha ndoo itulie saa chache, kisha kinga kikombe kimoja cha mashapo mazito ya chini, kiweke kwenye friji kikiwa kimefunikwa kwa kulegea, na ukitumie ndani ya wiki moja mahali pa hamira ya dukani. Kikianza kunuka siki, kimwage na urudi kwenye pakiti.